Wallace Sabine: mwalimu aliyebeba matakia usiku ili auwe mwangwi

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, nina stori ya marehemu mmoja wa Marekani. Aliyekaa kafe na dakika zake zinahesabika asiogope, nitajitahidi nisizunguke sana.

Imeanza hivi. Vijana wa mtaani kwangu, Lizaboni, wamefungua studio ya kurekodi muziki. Chumba kimoja, mita tatu kwa tatu, ukuta wa tofali, sakafu ya sementi. Waliniita nikaangalie. Nilipoingia nikakuta kuta zote zimebandikwa trei za mayai, kuanzia chini mpaka juu. Wamezikusanya mwezi mzima kwa mama wauza chipsi. Nikapiga kofi moja. Kumbe sauti inalia vile vile, kama umeingia kwenye tanki la maji tupu! Dogo anayefanya mixing akaniambia basi watachanga wanunue magodoro ya sponji, wayachane, wabandike kuta zote na dari.

Nikawaambia subirini kwanza, msitoe hata shilingi. Kuna mzee alishafanya kazi hiyo kabla yenu, na alifanya kwa kupima, siyo kwa kusikia kwa watu. Nikawasimulia. Nanyi nawasimulia.

Mzee huyo anaitwa Wallace Clement Sabine. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1868 katika mji mdogo wa Richwood, jimbo la Ohio. Kichwa kilikuwa moto. Akiwa na miaka 18 tu, mwaka 1886, alikuwa tayari amemaliza chuo kikuu cha Ohio. Akaenda Harvard kusoma fizikia, akapata shahada ya pili mwaka 1888, akabaki pale pale kufundisha. Udaktari wa falsafa hakuusomea. Nasema hivyo kwa wale wanaodhani bila vyeti vyote mtu hawezi kugundua kitu. Alikuwa mpole, hana makuu, anapenda kufundisha kuliko kuandika.

Sasa bwana, mwaka 1895 Harvard wakafungua jengo jipya la makumbusho ya sanaa, Fogg. Ndani kulikuwa na ukumbi wa mihadhara, mzuri wa macho. Tatizo likawa moja: mwalimu akizungumza, hakuna anayeelewa. Neno la kwanza lilikuwa bado linazunguka ukumbini wakati la pili, la tatu na la nne yameshatoka mdomoni. Yote yanachanganyika kuwa uji. Nyinyi mliowahi kuhudhuria harusi kwenye ukumbi wenye vigae chini, vioo pembeni na dari ngumu mnajua ninachosema. MC anatangaza, watu wanapiga makofi, lakini ukiuliza kasema nini, hakuna anayejua.

Rais wa chuo, Charles William Eliot, akamwita Sabine, kijana wa miaka 27, akamwambia arekebishe. Wakati huo hakuna aliyejua pa kuanzia. Wajenzi walikuwa wanabahatisha. Wengine walikuwa wanatandaza nyaya juu ya ukumbi wakiamini zinakata mwangwi. Yaani trei za mayai za enzi zile!

Sabine akaanza na swali la mtoto mdogo: sauti ikishakatwa, inachukua muda gani mpaka isisikike kabisa? Akachukua bomba la kinanda cha kanisani, akalipulizia hewa kutoka kwenye tanki, likalia. Akalikata ghafla. Kisha akasikiliza mpaka masikio yake yasisikie tena, huku chombo kikiandika muda. Kipaza sauti cha kupimia hakikuwepo. Chombo cha kusikilizia kilikuwa masikio yake mwenyewe.

Ukumbi ulikuwa na ujazo wa mita za mraba, samahani, za ujazo, 2,740 hivi. Ukiwa mtupu, sauti ilichukua sekunde 5.62 kufa. Jaribu kuhesabu moja mpaka tano na nusu huku mtu anaongea, utaona balaa lake.

Basi akapata wazo. Jirani na Fogg kulikuwa na ukumbi mwingine wa chuo, Sanders, wenye sauti nzuri, na viti vyake vilikuwa na matakia. Akaamua kuyaazima. Lakini mchana haiwezekani, kuna kelele za mitaani na wanafunzi. Kwa hiyo usiku wa manane, tramu zikishalala, Sabine na wasaidizi wake walikuwa wanabeba matakia mgongoni kutoka Sanders kuyaleta Fogg, wanayapanga, wanalipuliza bomba, wanapima, wanaongeza mengine, wanapima tena. Alfajiri wanayarudisha yote kabla watu hawajaamka. Kesho yake hivyo hivyo. Siyo wiki moja. Kazi yote ilimchukua karibu miaka mitatu.

Matakia yalipojaa ukumbi mzima, sekunde 5.62 zikawa 1.14. Bomba ni lile lile, kuta ni zile zile. Matakia ndiyo yaliyokula sauti.

Na hapa ndipo nilipompenda huyu mzee. Katikati ya kazi aligundua kwamba vipimo vyake havilingani kuna siku na siku. Akachunguza mpaka akamkamata mwizi: ni nguo zake mwenyewe! Siku akivaa koti zito, koti nalo linakula sauti kidogo. Mwingine angesema potelea mbali, tofauti yenyewe ndogo. Yeye alitupa maelfu ya vipimo, kazi ya miezi, akaanza upya akiwa anavaa nguo zile zile kila usiku. Mdau, ni nani kati yetu angefanya hivyo?

Alihitaji pia kipimo ambacho kila mtu duniani anaweza kukielewa, maana huwezi kumwambia mtu wa Songea apime kwa matakia ya Harvard. Akachagua dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, imeliwa yote. Kwa hiyo dirisha wazi ni moja kamili. Ukuta mgumu uliopakwa plasta uko karibu na sifuri. Vitu vingine vyote viko katikati. Binadamu mmoja aliyevaa nguo zake anakula sauti sawa na karibu nusu mita ya mraba ya dirisha wazi. Ndiyo maana DJ akipima muziki mchana ukumbi ukiwa mtupu, usiku watu wakijaa kila kitu kinabadilika. Siyo uchawi, ni miili na nguo za watu.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1898, akiwa nyumbani alikoishi na mama yake, ndipo namba zikakubali. Aliona kwamba katika ukumbi mmoja, ukizidisha muda wa sauti kufa na jumla ya vitu vinavyokula sauti, jibu linabaki lile lile. Ongeza walaji wa sauti mara mbili, muda unapungua nusu. Na jibu hilo linategemea ujazo wa chumba. Inasemekana alimkimbilia mama yake kumwambia. Mama hakuwa mtu wa fizikia, lakini mtoto akifurahi mama anafurahi.

Kanuni hiyo leo tunaiandika hivi: chukua ujazo wa chumba kwa mita, zidisha na 0.161, gawanya kwa jumla ya madirisha wazi. Unapata sekunde. Hata simu ya tochi inatosha kupiga hesabu hiyo.

Alikuwa na haraka ya kuipata, maana Boston walikuwa wanajenga ukumbi mkubwa wa muziki na walitaka ushauri wake. Ukumbi huo, Symphony Hall, ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, una viti zaidi ya 2,600. Ndio ukumbi wa kwanza duniani ambao sauti yake ilipangwa kwa hesabu kabla ya tofali la kwanza. Mwanzoni wakosoaji wa magazeti waliuponda. Yeye alinyamaza, lakini ilimuuma. Leo wataalamu wanauhesabu kati ya kumbi tatu au nne bora kabisa duniani. Hakuishi akasikia sifa hizo.

Ili mpate picha ya wakati: mwaka 1906, mwaka ambao Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu hapa hapa Songea, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwao, Sabine alikuwa anapewa ukuu wa shule ya sayansi Harvard. Dunia moja, mambo mawili tofauti kabisa.

Baadaye akaacha kupima vitu vya watu, akaanza kutengeneza vyake. Hapa vijana wa studio sikilizeni. Alishirikiana na fundi mashuhuri wa matao na dari za vigae, Rafael Guastavino mdogo, kwa sababu makanisa makubwa ya mawe yalikuwa yanavuma kupita kiasi. Walitengeneza kigae cha kwanza kilichoitwa Rumford, kisha mwaka 1916 wakaja na kingine, Akoustolith. Hiki kilikuwa mchanganyiko: punje za jiwe jepesi la volkano, zimeshikwa na sementi. Siri yake ilikuwa kwenye kiasi cha sementi. Iliwekwa kidogo tu, punje zishikane lakini mianya kati yake ibaki wazi. Sauti inaingia kwenye mianya, hewa inasuguana na kuta za vitundu, nguvu ya sauti inageuka joto dogo sana usiloweza kulihisi. Imeisha. Ukiongeza sementi ukaziba mianya, unabaki na jiwe la kawaida.

Sasa ukiifahamu hiyo, umefahamu nusu ya vifaa vyote vya kisasa vinavyonyonya sauti. Wakati wa Sabine plastiki ndiyo kwanza inazaliwa. Sponji ya poliyurethani, hii ya magodoro, ilitokana na kazi ya Otto Bayer wa Ujerumani iliyoanza mwaka 1937, Sabine akiwa kaburini miaka mingi. Lakini kanuni ni ile ile. Leo viwanda vinachanganya polima na vitu vingine: nyuzi za kumvi la nazi zinashikwa na utomvu wa mpira, nyuzi za mimea kama katani zinachanganywa na nyuzi za poliesta zinazoyeyuka kidogo zikipata moto na kushika zenzake, chupa za plastiki za maji zinageuzwa kuwa mablanketi magumu ya ukutani, matairi chakavu yanasagwa na kugandishwa kwa gundi ya poliyurethani. Kwa nini wanachanganya? Nyuzi zinaleta mianya na msuguano, polima inashikilia umbo lisiporomoke. Na kosa kubwa la mchanganyiko huo ni lile lile la Guastavino: gundi ikizidi, mianya inaziba, unabaki na ubao.

Kwa hiyo siyo kila kitu chepesi kinakula sauti. Ile nyeupe inayokuja na TV mpya kwenye boksi, ina hewa nyingi ndani lakini kila kipovu kimefungwa peke yake, sauti haina pa kuingia. Kipimo changu cha mtaani ni hiki: weka mdomo, puliza. Hewa ikipita kwa taabu kidogo, kuna matumaini. Isipopita kabisa, ni ukuta tu huo. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba, inatawanya sauti nyembamba kidogo na kuigusa kidogo, basi. Besi haijui hata kama trei ipo.

Besi inataka unene. Mawimbi ya sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde yana urefu wa sentimita 34 hivi, lakini ya mitetemo 100 yana mita 3.4. Kitambaa cha sentimita mbili hakiwezi kumzuia mnyama wa mita tatu. Dawa ya bei rahisi ni kuacha nafasi ya hewa nyuma: weka kifaa chako sentimita kumi kutoka ukutani badala ya kukibandika, kitafanya kazi kama kinene zaidi.

Tuliipiga hesabu ya chumba cha Lizaboni. Mita 3 kwa 3, kimo mita 2.7, ujazo ni mita 24.3. Kuta, sakafu na dari jumla ni mita za mraba 50 hivi, zinakula asilimia tatu tu, sawa na dirisha wazi la mita moja na nusu. Jibu: sekunde 2.6. Ndiyo maana kofi lilikuwa linalia. Tukiweka mita tisa za mraba za kitu kinachokula asilimia 70, jumla inafika kama 7.8, na muda unashuka mpaka nusu sekunde. Chumba kidogo kanuni hii inakadiria tu, haisemi kila kitu, lakini mmeona? Mita tisa! Wao walitaka kubandika chumba kizima.

Na hapa nataka niseme la moyoni. Tarehe 20 Februari 2003, huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, klabu moja ya muziki ilishika moto. Kuta za jukwaani zilikuwa zimebandikwa sponji ya poliyurethani ili kupunguza kelele. Fataki za jukwaani zikaigusa. Ndani ya dakika chache ukumbi ukawa tanuri. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013 ikajirudia mjini Santa Maria, Brazili: klabu, fataki, sponji darini. Watu 242 walikufa, wengi wao wanafunzi wa chuo, umri wenu nyie. Sponji hiyo ikiungua inatoa moshi wenye gesi ya kaboni monoksaidi na sianidi. Wengi hawakufa kwa kuungua, walikufa kwa kuvuta.

Sasa fikiria chumba cha Lizaboni. Mlango mmoja. Dirisha wamezibia kwa mbao ili kelele zisitoke. Nyaya za mixer zimepita chini ya zulia. Umeme ukikatika wanawasha mshumaa. Jioni wanachoma dawa ya mbu. Halafu mnataka kuta zote ziwe godoro? Hiyo siyo studio, ni kiberiti kikubwa na nyie ni njiti.

Nimerudi kwa Sabine. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, alikwenda Ulaya, akafundisha Sorbonne mjini Paris mwaka 1917, akaingia pia kwenye kazi za ndege za kivita. Figo zilikuwa zinamsumbua. Alirudi Marekani akafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ya serikali Washington na ya kufundisha Harvard, matibabu akayasogeza mbele mpaka vita viishe. Viliisha Novemba 1918. Yeye alifariki tarehe 10 Januari 1919 baada ya upasuaji, ana miaka 50. Aliacha mjane, Jane, ambaye alikuwa daktari, na watoto wawili wa kike. Maabara mpya ya sauti iliyojengwa Geneva, Illinois, kwa ajili yake, hakuwahi kuifanyia kazi. Ilichukuliwa na ndugu yake wa mbali, Paul Sabine. Na ule ukumbi wa Fogg uliomsumbua, jengo lake lilibomolewa mwaka 1973.

Kilichobaki ni jina. Kipimo cha ulaji wa sauti kinaitwa sabin. Siyo sabini ile ya baada ya sitini na tisa, ni sabin ya huyu mzee. Kila mchanganyiko mpya wa polima unaotoka kiwandani leo, uwe wa chupa, wa tairi au wa kumvi, lazima upitie swali lake la usiku ule: unakula sauti sawa na dirisha wazi la ukubwa gani? Muuzaji asiyeweza kulijibu hilo, na la pili, kwamba ukipata moto unakuwaje, usimpe hela yako.

Studio ya Lizaboni je? Trei zimeng'olewa. Tumetengeneza fremu za mbao, tumevisha mablanketi mazito ya mitumba mawili mawili, zimesimama sentimita kumi kutoka ukutani, zinahamishika. Zulia limewekwa chini, nyaya zimetolewa chini yake. Dirisha limefunguliwa, rekodi zinafanyika usiku mtaa ukitulia, kama Sabine mwenyewe. Blanketi nalo linaungua, kwa hiyo mshumaa na dawa ya mbu ni marufuku mle ndani, na ndoo ya mchanga ipo mlangoni. Kofi sasa linakufa haraka. Jirani bado analalamika kelele, na ana haki: kula sauti ndani ya chumba na kuzuia isitoke nje ni mambo mawili, la pili linataka ukuta mzito, na blanketi siyo ukuta.

Swali kwenu wadau, hasa mliojenga studio Mfaranyaki, Bombambili na kwingineko: mmetumia nini ukutani, na mlipima kabla ya kubandika? Dondosheni maoni hapo chini. Na kama chumba chako kimejaa sponji sasa hivi, kabla hujaandika chochote nenda kaangalie kwanza mlango uko wapi.